Kuhama na Dagaa na Shangazi

Jumatatu, 4 Agosti

Tangu asubuhi tunatia pamba boti ya Wakongo. Mbalamwezi inakaribia, taa za kuvulia hazina kazi, wavuvi wamepandisha vyombo nchi kavu, Kibirizi nzima inanuka lami na mawese. Hii ndiyo wiki yangu. Hakuna fundi ufukwe huu anayeziba mshono kama mimi. Si majivuno, ni taarifa.

Vijana wananiuliza kama Namibia kuna ziwa. Nimewaambia kuna bahari na jangwa vimelala kitanda kimoja. Sijafika. Lakini mtu aliyefika Kalemie, Uvira, Bujumbura na Mpulungu hashindwi kuieleza Windhoek. Nchi tatu za watu nimezikanyaga bila kupanda ndege, na shule niliishia kidato cha pili. Ningemaliza cha nne sijui ningekuwa wapi. Mwezini labda.

Mke wangu Hadija, ambaye namwita Mwalimu hata chumbani, ndiye aliyepata kazi huko. Kufundisha Kiswahili. Tunaondoka Alhamisi ya tarehe 21 kwa boti niliyoiunda mwenyewe, hadi Kasanga, tuvuke Zambia, halafu barabara. Mimi, yeye, Dagaa na Shangazi.

Dagaa ni mbwa dume, ana mwili wa ndama. Jina alipewa siku ambazo alikuwa anaenea kwenye kikombe. Shangazi ni jike, mgeni akiingia anamkagua kuanzia viatu kwenda juu. Jina lilijileta.

Mama, niliyempelekea habari ya safari, amejibu, kwa mdomo wa dada Mwajuma. "Anayehama na mbwa, aagwe na mbwa."

Nilicheka mbele ya Mwajuma. Ugali wangu wameula mbwa.

Jumatano, 6 Agosti

Kwa daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa, na kile kichipu cha chini ya ngozi. Shangazi alisimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Dagaa alilia kabla hajaguswa.

Daktari akasema nimshike kichwa. Nikamshika. Nikaiona ile sindano. Baba yangu! Kipenyo chake ungepitisha uzi wa wavu. Nikageukia ukutani, kwa heshima ya mbwa. Mwalimu anadai niliomba kiti. Sikuomba. Nililetewa.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala nilikwenda Kasingirima kwa Mama.

Miaka sita, tangu tuwe na mbwa, Mama hajakanyaga kwetu. Kwake mimi naingia kwa masharti. Pale mlangoni kuna msumari, na kwenye msumari shati safi. Navua langu lenye manyoya, nanawa, navaa la Mama, ndipo napita. Mbwa ni najisi, sibishi, chuoni nilisoma. Mashati mangapi kaninunulia huyo mama! Kila Idi anabadilisha.

Leo msumari ulikuwa mtupu.

Nilisimama nje kama mdai. Yeye ndani anapepeta mchele.

"Umekuja kuaga au umekuja kubishana?"

"Kuaga, Mama. Shikamoo."

"Mbwa wanabaki?"

Nikajaribu mzaha. Nikasema wao makaratasi yao yamekamilika, bado yangu mimi. Mama huwa anacheka. Hakucheka. Alisema bila kuinua macho: "Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Mtoto atapita wapi?"

Marahaba yangu sikupewa.

Mwalimu aliniuliza Mama kasemaje. Nilimwambia anasalimia. Sentensi ile sitamfikishia. Nitakufa nayo.

Jumapili, 10 Agosti

Nahodha kasema mbwa wakae kwenye masanduku. Nikasema masanduku? Mwachie fundi.

Nimeyamaliza leo. Mbao ya mninga, misumari ya shaba, pembe zimekaa sawasawa. Nimeyapaka mafuta yanang'aa. Mshono nimeuziba kwa pamba, nikayasukuma majini kuyajaribu. Hata tone. Ufukwe mzima umekuja kutazama. Nikatoa hotuba fupi.

Mwalimu akaja na chai. Akazunguka, akagonga juu, akagonga ubavuni. Akasema taratibu, kwa sauti ile ya darasani:

"Baba Dagaa. Watapumulia wapi?"

Nimetoboa matundu mpaka jua limezama. Kuanzia leo hapa Kibirizi jina langu ni Jeneza. Sawa. Watanikumbuka.

Jumatano, 13 Agosti

Juzi tulipanda Kalinzi, wazazi wa wanafunzi wake wakatupa kahawa na maharage, mzigo wa kumwangusha punda. Pikipiki ilishuka mlima na sisi tukiwa tumekumbatia magunia badala ya kukumbatiana.

Leo Kidahwe, ambako Mwalimu alianzia kazi, na ambako tuliishi kabla ya kuhamia Mwanga. Tulikwenda na mbwa. Jirani yetu wa zamani, Mama Neema, alimkumbatia Dagaa kwanza, sisi tukasubiri foleni.

"Yewe, mwanangu, wanakupeleka kwa watu gani?" Analia kabisa. Mimi hakunililia hata siku moja.

Najua kwa nini. Niandike, maana sijawahi kuandika.

Miaka minne iliyopita Mwalimu alikuwa na mimba. Hatukumwambia mtu, tulitaka ikomae kwanza. Mimi nilikuwa Kalemie naunda boti. Alfajiri moja damu ikamtoka, akaanguka jikoni, hana hata sauti. Dagaa akaruka dirisha. Akaenda kuuparua mlango wa Mama Neema, akabweka mpaka wakatoka na marungu wakidhani ni mwizi. Akawaongoza. Hospitali walisema angechelewa kidogo tu asingekuwepo.

Mtoto hakukaa. Mke wangu alikaa.

Mwalimu alinikataza kusema, kwetu na kwao. Hataki kuonewa huruma. Nimenyamaza, mimi ambaye mdomo wangu unajulikana mpaka Bujumbura.

Basi Mama anauliza mtoto atapita wapi. Alishapita, Mama.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimerudi Kasingirima. Safari hii nilivaa nguo mpya kutoka dukani, hazijawahi kuona mbwa. Mama alikuwa anaswali. Nikasubiri. Akaswali sunna zote anazozijua na nyingine nadhani alizitunga. Mwajuma akatoka akanishika mkono, akasema, "Rama, nenda. Anakuona, ila hatoki."

Mtu anaweza kwenda nchi ya mbali bila hela, bila koti, bila lugha. Bila radhi ya mama haendi. Anatembea tu.

Mama ana miaka sabini na kitu. Siwezi kujidanganya kwamba nikirudi nitamkuta.

Nimemwambia Mwalimu tuwaache mbwa kwa Mama Neema. Hakugombana nami. Ningependa angegombana. Alisema, "Ni mama yako," akaenda kukunja nguo ambazo zilishakunjwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimewapeleka Kidahwe kwa pikapu ya kubebea mbao. Shangazi alinipa mgongo njia nzima. Dagaa alikuwa anafurahia upepo, ulimi nje, anadhani ndiyo Windhoek.

Nilipoondoka alikaa katikati ya njia. Hakukimbiza gari. Alikaa tu, anatazama, kama mtu aliyeambiwa nakuja sasa hivi.

Mimi ni mwanaume mbaya. Nimesimamisha gari mara mbili. Dereva aliniuliza kama nina tumbo.

Jumapili, 17 Agosti

Nyumba kimya. Masanduku mawili matupu barazani yananitazama kwa matundu yote.

Nilitaka kwenda kwa Mama kumwambia tayari, nimewaacha, nipe radhi. Nilifika kituo cha bajaji nikarudi. Nitasemaje, nimekuja kuchukua risiti?

Mchana Mwalimu alivaa buibui, akatoka. Hakusema anakwenda wapi, sikuthubutu kuuliza. Amerudi magharibi, macho mekundu. Akapika migebuka, samaki wa ziwa letu. Ilikuwa mitamu sana. 

Jumatatu, 18 Agosti

Mwajuma kaja asubuhi na bajaji, hajafunga hata mtandio vizuri.

"Mama anasema, mwambie huyo mjinga akawafuate mbwa wake."

Nikamwambia arudie. Akarudia, na neno mjinga akalikazia.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Ndipo akaniambia. Jana alikwenda Kasingirima peke yake. Alivua viatu, akakaa chini kwenye mkeka, akamweleza Mama yote. Kidahwe, alfajiri ile, jiko, mlango wa Mama Neema. Mama alisikiliza mpaka mwisho, hakukatiza. Halafu akauliza kitu kimoja tu: kwa nini mlilibeba peke yenu? Wakalia wote wawili mpaka wali ukaungua jikoni.

Miaka saba ya ndoa nilidhani mimi ndiye jasiri wa nyumba hii.

Nimekwenda Kidahwe mbio. Dagaa kaniangusha chini kwenye vumbi, mbele ya watu. Shangazi bado amenuna, lakini kapanda gari wa kwanza.

Mama Neema kacheka, kalia, kacheka. Akasema sasa akiagwa tena atadai posho.

Jumatano, 20 Agosti

Mizigo imekwisha kupakiwa. Mabegi manne, kahawa ya Kalinzi, gunia la unga, dagaa wakavu wa kutosha kuanzisha duka, na msumeno wangu. Mwalimu anauliza msumeno wa nini jangwani. Nimemwambia fundi haendi uchi.

Vijana wa Kibirizi wamenifanyia hafla. Pilau, soda, hotuba sita, nne zilinitukana. Wamenipa fulana imeandikwa JENEZA mgongoni. Nimelia kidogo, nikasingizia moshi.

Mama hajasema kama atakuja. Kasema tu niwafuate mbwa. Hilo si sawa na kuja. Nimempigia Mwajuma mara tatu, anasema, "Sijui, Rama, na ukipiga tena nazima."

Nimeogopa leo kuliko siku ile dhoruba ilipotupiga Kalemie. Na Kalemie niliogopa sana, ingawa huwa nasimulia tofauti.

Alhamisi, 21 Agosti

Niko botini. Milima iko kushoto, ziwa limetulia. Mwalimu amelala, kichwa juu ya unga. Naandika kabla sijasahau mpangilio wake, ingawa najua sitasahau.

Alikuja. Tulikuwa tumeshapandisha sanduku la Shangazi, Dagaa bado yuko mchangani na kamba shingoni. Bajaji ikasimama. Akashuka Mwajuma, halafu Mama, na ndoo ya maji yenye mfuniko, na kopo. Watu wakadhani kaleta chakula cha safari. Kwenye kopo ulikuwamo udongo wa uani kwake.

Nikasema shikamoo. Akanipita. Akaenda kwa Mwalimu.

"Ni yupi?"

Mwalimu akamwonyesha Dagaa.

Mama akainama taratibu, magoti yanamsumbua, akanyoosha mkono wa kulia. Dagaa hana adabu. Aliulamba wote, mbele na nyuma, mpaka kwenye kifundo.  Hata mapunda ya kupakia mizigo yaliacha kupiga kelele za kishenzi, yaani vijana wangu.

Mama akamwambia, "Ahsante, baba." Kwa mbwa. Niliisikia kwa masikio yangu.

Kisha akafunua ndoo. Mwalimu akashika kata, akammiminia. Mama akauchukua udongo, akausugua mkono, maji yakapita. Mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ya kwanza hiyo.

Ya pili akaniangalia mimi. "Marahaba." Ilikuwa ile ya Ijumaa.

Ya tatu, "Usimwache peke yake tena. Boti zitaundwa na wengine."

Ya nne akamwambia Mwalimu asikubali kula vya makopo.

Ya tano, maji yanadondoka, akamsogelea Mwalimu. Akamuuliza, chini chini, "Mngempa jina gani?" Mwalimu akasema, "Angekuwa wa kike, lako." Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei na kuikubali.

Ya sita akageuza kiganja. Na hapo kata ikakwaruza kitako cha ndoo.

"Mama, maji yameisha," akasema Mwalimu. "Ni sita."

Mama akaigeukia Tanganyika. "Ziwa lote hili, nyinyi mnalilia ndoo?"

Akapandisha buibui, akaingia mpaka magotini, akausuuza mkono. Ya saba. Akatoka, akaja moja kwa moja kwangu, akanipaka usoni kiganja chote chenye maji, kuanzia paji mpaka kidevu, kama alivyokuwa akinifanyia asubuhi za chuoni.

"Nenda, mwanangu. Nimekuridhia."

Nilikuwa na mzaha nimeuandaa tangu jana. Nimepanda nao botini.

Nimemfungulia Dagaa sanduku, nahodha amejifanya hakuona. Shangazi anatazama nchi kavu ikipungua, hajaikubali bado.

Adhuhuri imeshaingia. Maji ya kutawadha yako tele, kushoto na kulia. Nitatawadha, ila uso huu bado una maji ya Mama. Bado kidogo.