Aliniuliza Kama Tutaonana, Nikamwambia Aache Uchuro

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapasuka kwa hasira. Mimi ni fundi cherehani, mtu mzima, nimeokoka na kwenye kwaya naimba sauti ya kwanza, na chumba cha kazi nimepanga na mwenzangu ambaye tulijifunza naye ushonaji tukiwa wasichana, wateja wanamwita Mama Pindo kwa sababu pindo lake hata ukiligeuza huoni uzi ulipopita, na vyerehani vyetu vilikuwa vinatazamana kiasi kwamba mmoja akikohoa mwenzake anamsogezea maji. Kanisani yeye haendi, wala sijawahi kumsumbua kwa hilo, maana mimi si mtu wa kushika kipaza sauti stendi, nilijua matendo yangu yatasema.

Sasa mwenzangu ana uvimbe tumboni, wiki ijayo anapasuliwa, na juzi tukiwa kazini akasimamisha cherehani akaniuliza, "Shoga, wewe wa kanisani hebu niambie. Nikilala pale mezani nisiamke, tutaonana tena?" Moyo ukanipasuka, shangazi, nikamwambia, "Acha uchuro wewe, utapona," nikamuuliza kama ameviona vifungo vya gauni la bibi harusi, akacheka kidogo, akanipa vifungo, nikajua yamekwisha.

Kumbe hayajakwisha. Kesho yake nilitoka kununua uzi, narudi namkuta amekaa na dereva wa lori aliyefuata suruali yake, mtu ana grisi mpaka kwenye nyusi, anamweleza habari za Yesu na uzima wa milele, mwenzangu analia, suruali yenyewe iko mapajani haijakunjwa, na nilipoingia wakanitazama wote utadhani mimi ndiye mgeni. Asubuhi iliyofuata nakuta cherehani chake amekigeuzia ukutani. Salamu anaitikia, lakini naitikiwa na mgongo. Nilipombana akasema nimemwonya juu ya kila kitu, sindano butu, wateja wasumbufu, hata mume wake wa kwanza nilimwonya, ila hili moja nikamnyima, kwa hiyo ama mwenyewe siliamini ama yeye simpendi, nichague.

Mimi niliyemwogeshea watoto wake nichague? Na dereva wa lori aje kunipiku kwa rafiki yangu? Tena tangu lini mgonjwa akaambiwa habari za kufa? Niambie nimfanyeje ageuze cherehani na aniombe radhi.

Ni mimi, Niliyepewa Mgongo

SHANGAZI ANAJIBU

Wewe fundi, barua yako nimeisoma nimekaa, nikasimama, nikakaa tena. Uombwe radhi wewe, kwa lipi? Pole ninayo na nitakupa, maana najua hofu ya kumpoteza mtu mliyekua pamoja inavyofunga mdomo. Lakini ngoja kwanza nikuseme.

Mwenzako hakukuuliza habari za kufa. Alikuuliza kama mtaonana. Hilo si ndilo mnaloliimba kila Jumapili, na wewe ukiwa sauti ya kwanza, ile inayosikika mpaka barabarani? Iweje likiimbwa ni tumaini, likiulizwa ni uchuro? Nimekasirika, na sitaki kuficha.

Unasema matendo yako yatasema. Yalisema, mama, tena vizuri, ndiyo maana swali alikuletea wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Matendo yakamfikisha mlangoni, akabisha hodi, ukamuuliza habari za vifungo. Yule dereva hakukupiku. Alimkuta mtu mlangoni akamfungulia.

Na hebu nikuulize la kazini kwako. Fundi mzuri huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, ili mteja akinenepa nguo ifumuliwe na kuongezwa. Mteja hakuomba, pengine humjui hata jina, lakini unamfikiria mwili wake wa mwakani. Rafiki yako wa ujanani ukamfikiria mpaka siku ya kupasuliwa tu, basi, ukakata. Asiyeamini kwamba kuna kitu baada ya hapa ana haki ya kubadilisha mazungumzo, maana hana la kusema. Wewe unalo. Unaamini kuna maisha yasiyokwisha na kwamba Kristo ndiye njia ya kuyafikia. Weka hayo upande mmoja, weka na aibu ya dakika chache upande wa pili, halafu uniambie kilichokuwa kinakuogopesha ni nini.

Sasa sikiliza. Cherehani chake usikiguse. Kesho beba kigoda chako ukakae kule alikogeukia, kati yake na ukuta, hata kama magoti yatabanana. Mwombe radhi kwa lile neno la uchuro, wala usitie "lakini" mbele yake. Kisha mjibu kwa maneno yako mwenyewe, si ya kwaya. Mwambie unamwamini nani na kwa nini, na kama unaogopa mwambie unaogopa, halafu mwambie unamshikilia nani ukiogopa. Usimtishe kwa moto, mtu anayesubiri kisu ametishika vya kutosha. Usimbane akujibu papo hapo. Akikataa, utampeleka hospitali vilevile, utamfulia shuka vilevile, na usimnunie. Dereva akirudi, mpe kiti, na suruali yake umkunjie wewe.

Cherehani atakigeuza akipenda, au kitabaki hivyo hivyo. Si hicho kilichokuleta kwangu, hata kama unadhani ndicho. Kuna mwanamke anataka kujua kama mtaonana tena, na wiki ijayo analazwa. Nenda ukamwambie ndivyo unavyotamani, na kwamba njia unaijua.