Udongo Alioukataa Lucky

Mpemba, Tunduma,
14 Juni 2025.

Mpendwa mwanangu Witness,

Pokea salamu za shangazi yako. Unaendeleaje huko Ujerumani, na kile kifua kimepona? Sisi ni wazima wa mwili. Presha ya mama yako imeshuka, ingawa chakula anakionja tu.

Niliusoma ujumbe wako kwamba baba ameshazikwa, sasa uje kufanya nini. Sikukasirika, mwanangu. Ila niliona mambo haya siyawezi kwa simu, bora nikuandikie.

Marehemu kaka yangu Kasiani aliyajivunia masomo yako kupita kiasi, na unajua alivyokuwa na maneno. Mwanzo aliwatangazia watu kanisani kwamba unasomea umeme, wakaanza kuuliza utawavutia nyaya lini. Ukamweleza upya, naye akaja kunieleza mimi kwa punje za mahindi mezani. Akasema ndani ya madini fulani mna visumaku visivyoonekana kwa jicho, vimejipanga mstari mmoja. Ukikipasha joto cha mwanzo, nishati inapita kwa jirani yake, naye kwa jirani yake, mpaka mwisho, wala hakuna kinachotoka mahali pake. Kisha akaondoa punje moja ya katikati. Hapo, akasema, nishati inakwama na kurudi, maana kwenye mstari mmoja hakuna pa kuzungukia. Alicheka peke yake kwa furaha ya kuelewa. Namlilia sana kaka yangu.

Tulimzika Chitete, kama alivyotaka. Unajua kwetu watoto husimama kando ya kaburi kwa kufuatana kuzaliwa; mkubwa anachota udongo, anatupa kidogo, unaobaki anampa anayemfuata. Brenda akatupa. Akageukia mahali pako, hapakuwa na mtu. Wazee wakamwambia apitilize, ampe Lucky. Lucky, mwanaume mzima anayebadilisha matairi ya malori hapo mpakani, akaficha mikono mgongoni.

"Mimi sipokei kwa Brenda," akasema. "Wa kunipa mimi ni Witness."

Tulimbembeleza, baba yenu mdogo Amoni akamfokea mbele za watu, wapi! Brenda alibaki ameushika ule udongo akilia, mwishowe akaumwaga wote kaburini, majembe yakaanza.

Tangu siku hiyo Lucky hakanyagi kwa mama yako. Analala gereji. Hajatoa hata chozi, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Sikulazimishi kuacha masomo, baba yako asingetaka. Lakini usiseme mazishi yamekwisha. Mchungaji amekubali kurudi nasi kaburini siku yoyote utakayofika.

Mama yako na Brenda wanakusalimu sana, na Mungu aliyemtunza baba yako akutunze nawe ugenini. Jana nilimpitia Lucky gereji, nikamuuliza nikufikishie salamu gani. Aliendelea kufunga nati. Nilipoinuka kuondoka ndipo akasema, "Mwambie mimi bado sijamzika baba."

Ni mimi shangazi yako nikupendaye,
Jenista.