Jino la Bi Mkubwa

Jumanne, 6 Mei
Gego la Bi Mkubwa, mama mkwe wangu, limeamka. Shavu limevimba, ulimi haujavimba — bahati mbaya! Wageni wamejaa sebuleni, mimi nawamiminia chai, yeye akawaambia: jino la pembe si dawa ya pengo. Wakacheka. Pengo ni la marehemu, mke wa kwanza wa mume wangu. Jino la pembe ni mimi. Na miguu ya Bi Mkubwa naiosha mimi!

Jumatano, 7 Mei
Mume kapiga simu kutoka safarini. Nimpeleke mamake kwa daktari wa meno, ila nisisahau kutaja dawa yake ya moyo, ile inayofanya damu iwe nyepesi. Kule kliniki walituonya: asing'olewe jino kabla damu haijapimwa. Nimesikia. Mimi si kiziwi.
Bi Mkubwa mwenyewe huiita vitamini. Mbele za watu hajawahi kuugua, hata mafua.

Alhamisi, 8 Mei
Daktari mpole, kijana. Kauliza kama kuna dawa yoyote mama anayotumia.
"Mimi? Mzima kama chuma! Mgonjwa ni huyu, tumbo lake halishiki mimba."
Nesi akainamisha macho. Daktari akanigeukia: ni kweli hana dawa? Nikamjibu, mama akishasema, mimi ni nani nimpinge?
Gego likalia likitoka. Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo — nilifurahi.
Jioni nimempa vitamini yake. Sijaruka hata siku moja. Mkwe mwema!

Ijumaa, 9 Mei
Pamba zimeisha tangu asubuhi. Nachana shuka. Mto umelowa, beseni nimelimwaga, limejaa tena.
Kanishika mkono. "Mwanangu." Leo! Neno nililolingoja tangu niolewe limekuja na mabonge ya damu. Akaonyesha kichupa cha vidonge: mwambie daktari.
Nimwambie nini, mama? Si mzima kama chuma?
Mume kapiga. Daktari ulimwambia? Ndiyo, nikasema — mdomo ulinitangulia. Basi usiwe na wasiwasi, kasema, ni kawaida, mwache alale.
Bi Mkubwa amesikia yote. Macho kwangu, hapepesi. Nikiita gari la wagonjwa wataniuliza, na yeye atawajibu. Nisipoita —
Midomo imekuwa myeupe. Simu iko hapa juu ya kitanda. Naandika kwa mkono mmoja, huu mwingine hajauachia.