Nyota kwenye Barua ya Mwizi

Jumatatu, 3 Machi

Wiki hii ndiyo yenyewe! Chuo cha ukunga kitaleta majibu kwa barua pepe kabla ya Ijumaa. Atakayechaguliwa ana siku moja tu ya kukubali. Akinyamaza, nafasi anapewa mwingine. Miaka sita nabadilisha mashuka wodi ya wazazi — sasa nataka niwe mimi ninayepokea watoto.

Simu zetu hufungiwa kabatini wakati wa zamu, kwa hiyo Dada ndiye macho yangu. Nywila anayo. Utaratibu wetu ni ule wa siku zote: barua niliyoiwekea nyota anaishughulikia yeye. Fomu za bima, kliniki ya Mama, chochote.

Jumanne, 4 Machi

Hakuna kitu. Nimefungua sanduku la barua pepe mara ishirini. Dada ananicheka, eti nitaitoboa simu.

Jumatano, 5 Machi

Imekuja! Asubuhi, nikiwa navaa viatu. Ombi limepitishwa, thibitisha akaunti. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta; Dada alikuwa ameshatoka kwenda kushona.

Halafu nikasita. Mbona "Mpendwa Mteja"? Chuo kinanijua kwa jina. Na mbona nipewe saa mbili tu, la sivyo nifutwe? Nikagusa jina la mtumaji — anwani ni mlolongo wa tarakimu, haina chuo wala nini. Nikashikilia kidole kwenye kiungo bila kukifungua, nione kinakopeleka: duka la viatu, sijui la wapi! Mwizi kachagua vibaya. Sisi wa wodini chupa haitoki kabatini kabla lebo haijasomwa.

Sikujibu. Ila sikuifuta pia, nilitaka wenzangu waione. Nikaiwekea nyota isipotee, nikakimbilia zamu.

Zamu ilipoisha nikawaonyesha, na muuguzi mkuu kanisimamisha mbele ya wote nieleze. Kakiri kwamba yeye mwaka jana aliingia mzima mzima, akapoteza picha zote za mwanawe. Leo nimevimba kichwa, acha tu!

Jumatano, 5 Machi — jioni

Dada kanipokea mlangoni akirukaruka.

"Nimeshakuthibitishia! Nywila, tarehe ya kuzaliwa, vyote. Niliona nyota, nikajua umeniachia mimi."

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Nyota niliiweka mwenyewe, kwa mkono wangu. Nilipomweleza akakaa sakafuni, futi yake ya kupimia nguo bado shingoni, akasema afadhali nimpige. Nikamwambia ainuke tufanye kazi.

Sasa tuko mbele ya kompyuta yake. Tunabadilisha nywila. Wenye barua pepe wametutaka tusubiri msimbo wa uthibitisho kwenye simu yangu, na mtandao unatambaa. Naandika huku tukingoja. Lakini tutamuwahi mwizi, naona kabisa tutamuwahi!

Msimbo bado.

Haya — barua mpya! Kutoka chuoni! Anwani ni yao yenyewe, jina langu kamili, namba ya ombi langu. Ya kweli hii! Imeandikwa kwa herufi nene, maana haijasomwa. Dada ananisukuma bega, anasema fungua, fungua.

Herufi zimekuwa nyembamba.

Imeshafunguliwa. Mimi nimeshika kalamu. Mikono ya Dada iko mapajani mwake.