Kwale wa Baba Mkwe Hawana Risasi

Mpendwa Mama Agustina, shikamoo. Naomba msaada wako, jambo hili nimelibeba peke yangu na sasa limenielemea. Naitwa Jenipha, ni Msukuma, baba yangu Mzee Maige alikuja Tarime kuchimba dhahabu nami nikaolewa huku Susuni na mwalimu Simoni, mtoto wa Mzee Machage, na huyu baba mkwe ananipenda sana lakini unazijua mila za Wakurya, mkwe na mkamwana ni heshima, sipeani naye mkono, sili naye, maongezi yetu ni salamu ya mbali tu. Upendo wake anauonyesha kwa bunduki. Leseni anayo, kibali cha kuwinda ndege anacho, na tangu nilipofika hapa nikiwa sijui hata neno moja la Kikurya, huwa akirudi kutoka porini anaweka kwale au kanga kwenye kigoda mlangoni kwa jiko, anakohoa, anaondoka, ndipo mimi natoka kuchukua, na nilipojifungua aliniletea kanga wawili, nikalia.

Sasa msimu huu kwale wanakuja wameshanyonyolewa, hawana vichwa wala miguu, na nikitafuna sikutani na vile virisasi vidogo vilivyozoea kuniumiza jino. Mama, mimi nimekua nikifuga kuku, kuku namjua. Nikanyamaza, nikapika, Simoni akasifu. Halafu juzi nikamwona baba nyuma ya zizi anajaribu kuinua ile bunduki yake ya mitutu miwili, ikafika kifuani, ikagoma kupanda, akaishusha, akakaa chini ameshika bega. Roho iliniuma.

Simoni naye, kwa kuona kwale hawakauki, anasema baba bado ni simba, anataka kumshtukiza na shotigani kubwa zaidi, ya kubeba risasi tano, na ananiuliza mimi achague ipi. Nikisema ukweli namvua nguo mzee aliyenistahi, nikinyamaza ataletewa chuma cha kumwaibisha mbele ya wanawe. Nifanye nini?

Jenipha, Susuni

*

Marahaba, Jenipha mwanangu. Barua yako imenitoa machozi, kisha imenikasirisha kidogo. Mzee mwenye bega bovu anakwenda sokoni kununua kuku, anajificha kumnyonyoa, ili tu wewe usikose kitoweo, na wewe unakaa kimya unasema ni heshima? Hapo umekosea. Lile bega linahitaji daktari, na kila kuku uliyempika kama kwale amemchelewesha.

Marehemu mume wangu aliwinda kanga miaka mingi, na mitutu nilikuwa naisafisha mimi, kwa hiyo nisikilize. Hiyo kubwa ya risasi tano mwambie Simoni aisahau. Kwale anaruka ghafla kutoka miguuni, hakupi nafasi ya kuhangaika na uzito. Mzee akitibiwa na daktari akamruhusu, anafaa bunduki ya namba ishirini, ambayo mtutu wake ni mwembamba, badala ya namba kumi na mbili iliyo nene na nzito, yenye mitutu miwili kama aliyoizoea, ila isiwe nyepesi kupita kiasi, maana nyepesi sana nayo ikifyatuliwa hurudi nyuma na kulipiga bega. Ajaribu dukani, ikiwa haina risasi: afumbe macho, aipandishe begani, afumbue. Kama jicho limelala sawa na mtutu bila kunyoosha shingo, ni ya kwake. Na hilo hakuna wa kumjaribia. Isitoshe bunduki si kitenge cha kumshtukiza mtu nacho, leseni ni ya mwenyewe na polisi watamtaka mwenyewe.

Mwambie mumeo leo, mkiwa wawili, na asicheke. Habari za kuku aziache hapohapo chumbani. Kwa baba aende mtoto wake wa kumzaa, aseme, "Tata, bega lako silipendi, kesho twende hospitali, mengine tutachagua pamoja." Daktari akikataa, bunduki irudishwe kwa utaratibu wa polisi, na Simoni aende naye.

Wewe usingoje bunduki wala daktari. Jumapili hii chinja kuku wako mwenyewe, umpike vizuri, Simoni ampelekee baba na amwambie wazi kuwa ni kuku, kapika Jenipha. Firigisi iwe juu kabisa. Ajue ni yake, awinde asiwinde.