Gari la Mkwe Halina Risiti

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kijinga. Mimi ni mume wa Lidwina, nakaa Msamala hapa Songea, na tangu watu binafsi turuhusiwe kununua mahindi nina pikapu yangu ya kubebea magunia, namshukuru Mungu tunakula, watoto wanasoma na nyumba tumeezeka bati, ila mwezi wa saba nilikuwa nimeegesha sokoni, basi la Bwana Hamisi linalokwenda Tunduru likarudi nyuma likaibonyeza pikapu ubavu mzima, hakuna aliyeumia, na yeye ni muungwana, alikiri kosa mbele ya trafiki na gereji akalipa yote. Wiki ya kwanza nilikaa bure, halafu baba mkwe, mzee Damiani wa Maposeni, akanikodisha Landrova yake mpaka pikapu ilipopona, nami nililipa kila Jumamosi kama ambavyo ningemlipa mtu baki, sasa nimemwomba Bwana Hamisi anirudishie fedha hizo za kukodi, akacheka akaniambia, "Mkwe hakodishi gari, mkwe anasaidia. Nionyeshe risiti nitakulipa." Mshauri, nitamdaije risiti baba wa mke wangu, wakati hata fedha yenyewe sijawahi kumkabidhi mkononi, nilimpa Lidwina, naye akampa mama yake, ndiyo adabu yetu, na rafiki yangu George mwenye duka la madaftari anasema ataniandikia risiti safi kwa jina la mzee, tena tuongeze na faida niliyokosa mwezi mzima, roho yangu inasita lakini mkono unawasha. Nifanyeje?

P., Msamala

Marahaba, Bwana P. Umegongwa na muungwana, umepewa gari na mkwe, na nyumbani mnakula. Wengi wanaoniandikia wangefurahi kuwa na shida kama yako. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Hiyo risiti ya George tia motoni. Siku mzee atakapoulizwa kama saini ni yake, utakuwa umemlazimisha achague kukuaibisha au kusema uongo uzeeni. Na tamaa ya mwezi mzima umeitoa wapi? Siku ulizobeba mahindi kwa Landrova hukukosa faida, ulipoteza kodi tu. Dai kodi kwa siku hizo, na faida kwa ile wiki uliyokaa bure, tena upunguze humo gharama ya dizeli ambayo hukuichoma.

Unalia huna ushahidi, na barua yako imejaa mashahidi. Fedha ilitoka kwako ikapita kwa mkeo na mama mkwe ikafika kwa mzee, kila Jumamosi. Zawadi haiendi hivyo. Fundi aandike pikapu iliingia lini gereji na ilitoka lini, na anayenunua mahindi yako aeleze huwa unampelekea safari ngapi kwa wiki.

Jumapili baada ya misa Lidwina atangulie Maposeni akazungumze na mama yake, mama azungumze na mzee. Usimwombe risiti. Omba akubali tu kumkaribisha Bwana Hamisi, wakae, Bwana Hamisi amwulize mwenyewe. Mzee yeyote wa kwetu angependa asifiwe kwamba alimsaidia mkwe wake bure. Basi akiiacha sifa hiyo akakubali mbele ya mgeni kwamba alikutoza, nani atathubutu kusema anadanganya?