Mipilipili Iliyolala na Ndizi

Nyihogo,
Kahama.
9 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Kijakazi,

Shikamoo. Goti limetulia, au baridi ya Arusha bado inalitesa? Na mjukuu wako Abdul, ameanza kula vizuri? Sisi wazima, ila vumbi la Kahama ni lile lile. Simu ingetosha, lakini shukrani hii nimetaka uishike mkononi.

Unaikumbuka ile mipilipili ya urembo, vyungu ishirini nilivyoahidi kupambia harusi ya jirani? Niliiingiza stoo isishike vumbi. Siku tatu tu, majani yakageuka njano, yakapukutika. Hata vipilipili vichanga vilidondoka.

Shangazi, nikamgeukia mama mkwe, maana yeye ndiye aliyekuwa akiimwagilia kila asubuhi, tena kwa hiari yake. Nikamwambia mbele ya wageni kwamba mkono wake una nuksi, asiguse tena kitu changu. Naona aibu hata kuandika. Kesho yake alifunga nguo zake kwenye khanga, akaondoka kwenda kupanda basi arudi kwa binti yake Mwadui. Mume wangu Muhidini akaacha kusema nami.

Hapo ndipo nilipokupigia, nikidhani utanitajia dawa ya wadudu. Wewe uliyezeekea kwenye mashamba ya maua ukauliza swali moja tu: "Zuhra, mumeo anavundika wapi ndizi zake?"

Humo humo stoo! Mikungu anayoinunua Chato aje kuiuza, chini ya turubai, mlango umefungwa. Kumbe ndizi zikiiva hutoa hewa isiyoonekana, hiyo ethilini uliyonitajia, na mpilipili ukiivuta kwenye chumba kisichopitisha upepo hujiona umezeeka.

Nilikimbia na kandambili hadi stendi. Basi lilikuwa limeshawashwa. Nikapiga magoti pale pale, nikamwomba radhi. Akashuka, akanipa lile furushi la nguo nilibebe. Tukarudi nyumbani.

Harusi tuliipamba kwa maua ya plastiki, na bibi harusi akayasifia! Vyungu viko barazani sasa, na vingi vimechipua.

Nisalimie Abdul na majirani wote. Mungu akuzidishie afya, maana ulinirudishia mama.

Ndani ya bahasha utakuta mbegu za pilipili chache zilizobaki zikaiva. Aliyezichagua, akazianika na kuzifunga ni mama mkwe, kwa mkono ule ule.

Mwanao akupendaye daima,
Zuhra